Siku za Mwisho za Masunga wa Kabungu

Nimestaafu tangu Pasaka iliyopita. Mapadre vijana wawili waliopokea kazi yangu ya kuhudumia watu walio karibu na kufa waliniomba niwaandikie jinsi tulivyoanza, wakaniletea na daftari kubwa kuliko maneno niliyo nayo. Nilipata cheo gani na lini, hayo yako kwenye faili, na sijawahi kuona mgonjwa aliyeuliza. Nitaandika habari za nyumba ya vitanda sita pale Nsemulwa, Mpanda, mambo ya miaka ya tisini, na zaidi habari za mgonjwa mmoja ambaye hadi leo sijamsahau. Majina ya watu nimebadilisha, pamoja na ya wale waliokwisha kufa.

Nilishuka kwenye treni ya Tabora asubuhi moja nikiwa na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu. Katavi haikuwa mkoa bado. Mpanda ilikuwa wilaya ya mbali ya Rukwa, na kwetu Ufipa mtu akipangiwa Mpanda watu walimpa pole. Nilidhani nitafundisha dini katika shule ya sekondari. Paroko, mzee wa maneno machache, aliangalia sanduku la vitabu, akaniangalia mimi.

"Unajua kuendesha pikipiki?"

"Ndiyo, Baba Paroko."

"Basi wewe ni wa wagonjwa."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma ya zahanati ya parokia. Walioletwa pale ni wale ambao hospitali ilikuwa imewaambia warudi nyumbani, na nyumbani hakuna mtu, au watu wapo lakini wanaogopa. Wengine walikuwa na saratani. Wengi walikuwa na ule ugonjwa ambao wakati huo hatukuutaja; tulisema "ugonjwa wa siku hizi", tukaangalia pembeni. Dawa za kurefusha maisha tulikuwa hatujazisikia. Mjini waliiita nyumba ya kufia, na mama wauza nyanya walikuwa wakivuka barabara ili wasipite mlangoni petu.

Siku ya kwanza niliingia na stola ya zambarau shingoni na kichupa cha mafuta matakatifu mkononi, kama tulivyofundishwa seminari. Kwenye kitanda cha kwanza alikuwapo mzee wa Kibende aliyekuwa anakunywa uji. Aliponiona akashusha kikombe kutoka mdomoni.

"Nimeshafika?" aliuliza.

"Umefika wapi, mzee?"

"Si ndiyo umekuja kunifungisha safari?" Akaanza kutetemeka mwili mzima, uji ukamwagikia shuka.

Sista Imelda ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikuwa muuguzi, Mkonongo wa Inyonga, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Alinishika mkono, akanitoa nje hadi chini ya tangi la maji. "Padre, hayo mafuta weka mfukoni," alisema. "Chukua beseni. Wakikuzoea na beseni, siku ukija na mafuta hawatashtuka." Kwa muda wa miezi mitatu sikuruhusiwa kuingia na stola. Niliosha watu. Katika seminari yote hakuna aliyenifundisha jinsi ya kumgeuza mtu mzima bila kumwumiza, na nawaambia nyie mapema kwamba mtahitaji hilo mara nyingi kuliko mahubiri.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na glovu tulizofua, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda na kuzivaa tena mpaka zitoboke. Tulikuwa na nailoni ya kutandika chini ya shuka, na dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Kwa maumivu tulikuwa na vidonge vya kawaida vya kichwa, na mara chache sana tulipata kitu chenye nguvu zaidi. Kwa vidonda vya mgongoni, vile vinavyotokana na kulala upande mmoja, Sista alitumia asali ya porini. Kwao Inyonga kila mzee ana mizinga, na ndugu zake walimletea asali kwa madumu. Nilidhani ni ushamba mpaka nilipoona kidonda kikubwa kama kiganja kinaanza kufunga.

Jambo moja nilificha siku zile, na sasa nalisema. Niliogopa. Wiki ya nne nilikuwa nikimnyoa ndevu mgonjwa, akakohoa, wembe ukamkata yeye kisha ukanikata mimi kidole. Sista aliniosha kwa sabuni na maji mengi. Nilipomwuliza tufanye nini sasa, alijibu, "Tunasubiri." Tulisubiri miezi mitatu. Kila nikiamka nilijipapasa shingo kutafuta uvimbe. Nikikohoa mara mbili nilianza kupanga nani atamwambia mama yangu. Misa nilisoma, lakini moyoni nilikuwa na sala moja tu, nayo haikuwa kwa ajili ya wagonjwa. Hatimaye damu yangu ilipimwa, ikaonekana safi. Nilifurahi siku moja, kisha nikaona aibu kwenda kuwageuza wale ambao damu yao haikuwa safi.

Masunga aliletwa mwaka wangu wa tatu, mwisho wa kiangazi, juu ya lori lililokuwa limebeba tumbaku. Alikuwa Msukuma wa miaka arobaini hivi, mfugaji, aliyehama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na kujenga Kabungu. Mwili ulikuwa umebaki mifupa, ila mikono bado ilionyesha kwamba ilikuwa ya mtu mwenye nguvu. Alikuja na mke wake, Kabula, mwanamke mtulivu aliyetandika mkeka kando ya kitanda na kukaa. Nilizoea kumruka nikipita na beseni. Nilimsalimu, akaitikia, basi.

Masunga hakuwa Mkristo, wala hakutaka kuwa. Alinipenda kwa sababu nilijua kuuliza habari za ng'ombe. Siku moja, wakati Kabula yuko jikoni anachemsha uji wa ulezi, aliniambia, "Padre, mimi sina wasiwasi na mke wangu. Nikiondoka, mdogo wangu Maduhu atamrithi. Ndiyo mila yetu."

"Maduhu ana mke?"

"Bado. Alikuwa anataka kuoa mwaka huu. Ataanza na huyu."

"Anajua unaumwa nini?"

Masunga aliangalia dari. "Anajua nimelogwa. Wote wanajua hivyo."

"Na wewe unajua nini?"

"Hospitali waliniambia," alisema. "Niliwaambia wasimwambie mtu. Na wewe, Padre, usimwambie mtu."

Nikamwahidi. Niliahidi upesi, kama vijana wanavyoahidi, kabla sijafikiri.

Jioni ile nilimweleza Sista, ambaye aliujua ugonjwa kwa sababu ya karatasi za hospitali. Aliniwakia. "Umeahidi kitu ambacho si chako. Huyo Maduhu ana miaka mingapi? Ishirini na mitano? Na huyu mama je?"

"Nimwambie nani basi? Nikivunja siri ya mgonjwa, kesho nani atatuamini?"

"Na usipoivunja, kesho kutwa utamwosha nani kwenye kitanda kile?"

Tulibishana hivyo kwa karibu wiki tatu. Tulibishana kwenye stoo, chini ya tangi, njiani kwenda kanisani. Naye Masunga alikuwa anaisha. Kila siku alipokula kidogo kuliko jana, nilihesabu siku zilizobaki, nikaona ni pungufu. Nilikuwa nikimgeuza huku nikimwambia, kwa sauti ya chini, "Masunga, mwambie mwenyewe. Ni mdogo wako." Aligeuza uso ukutani. Mara moja alinifukuza na kuomba aoshwe na Sista. Nilikaa nje kwenye ngazi, mikono ikinukia sabuni, nikijiuliza kama namsumbua mtu anayekufa kwa faida ya wengine au kwa faida ya usingizi wangu mwenyewe.

Kilichombadilisha sikijui. Asubuhi moja, Sista akiwa anampaka asali mgongoni, alisema wazi, "Mleteni Maduhu. Nitamwambia mwenyewe. Lakini mfanye haraka."

Niliondoka kabla ya saa tatu. Kabungu si mbali, lakini barabara ilikuwa mchanga mtupu, nikaanguka mara mbili. Nyumbani kwa Masunga nilimkuta mama yake mzazi anapepeta mtama. Aliniambia Maduhu hayupo. Maji yalikuwa yamekauka, amepeleka ng'ombe upande wa Mwese, siku ya nne leo. Yule bibi aliniangalia usoni. "Mwanangu amekufa?"

"Hapana, mama. Anamtaka mdogo wake."

"Basi kimbia," alisema, akaendelea kupepeta.

Kuelekea Mwese pikipiki ilipanda hadi mahali ikakataa. Niliiacha kwa katekista wa kijiji, nikalala kwake, asubuhi nikaendelea kwa miguu nikiuliza kila mchungaji. Nilimpata Maduhu karibu saa sita, kwenye bonde lenye kisima, akinywesha ng'ombe. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye meno meupe sana. Aliposikia kaka yake anamwita hakuuliza mara mbili. Aliwakabidhi ng'ombe kwa jirani, akachukua fimbo na shuka yake, tukaanza kuteremka.

Tulipochukua pikipiki na kutoka kijijini, mawingu yalikuwa yamejaa. Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilitukuta njiani. Mkulima huisubiri hiyo kwa furaha; mimi niliilaani, kisha nikaomba msamaha. Kijito nilichovuka jana yake kikiwa kikavu kilikuwa sasa kinashuka na magogo. Tulikaa ukingoni chini ya gogo la mti lililoanguka, tukisubiri maji yapungue. Nilikuwa natazama saa kila dakika. Niliona kitanda. Niliona kifua cha Masunga kikipanda na kushuka, nikawa napumua pamoja nacho, kila pumzi nikidhani ni ya mwisho.

Maduhu hakuwa na haraka ya maneno, lakini mvua humfanya mtu aongee. "Padre, kaka ananiitia mambo ya shemeji," alisema. "Najua. Mimi niko tayari. Nimeshakata miti ya kumjengea nyumba, karibu na ya mama. Kabula ni mtu mzuri. Hatalala njaa kwangu."

Nilifungua mdomo. Nawaambia ukweli, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Hapo tulikuwa wawili tu, hakuna ambaye angesikia. Lakini nilimfikiria Masunga, ambaye hatimaye alikuwa amepata ujasiri wa kusema kwa kinywa chake, nikaona nikimwibia hilo nitakuwa nimemwibia kitu cha mwisho alichobaki nacho. Nikasema, "Miti gani umekata?" Akaanza kunieleza miti, unene wake na mahali alipoipata, kwa furaha. Nilisikiliza hadi maji yalipopungua.

Tulifika Nsemulwa siku iliyofuata, alasiri. Sista Imelda alikuwa amesimama mlangoni, na kwa jinsi alivyosimama nilijua.

"Yuko hai," alisema. "Lakini tangu asubuhi hasemi. Sauti imekwenda."

Maduhu alipiga magoti kando ya kitanda. Masunga alimtambua, macho yalifunguka, mkono ukainuka kidogo, midomo ikajaribu. Ikatoka hewa tu. Alijaribu tena, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake, tena mimi. Sijawahi kuona mtu anaomba kwa macho namna ile. Ahadi ilikuwa yake. Sasa ananiachia, au ananionya ninyamaze? Sikujua. Nikasema, "Maduhu, kaka yako alitaka kukuambia jambo..."

"Padre, subiri."

Aliyesema alikuwa Kabula. Aliinuka kwenye mkeka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama wima ndani ya chumba kile. Alianza kwa Kisukuma, maneno machache, kisha akahamia Kiswahili, bila shaka ili sisi wote tuelewe na pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba hakusikia.

"Shemeji, huyu nimemsafisha mwaka wa pili sasa. Hajalogwa. Najua anachoumwa, na alichonacho yeye, mimi pia ninacho. Ile nyumba usinijengee ya mke. Mimi sirithiwi."

Maduhu alibaki amepiga magoti. "Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Dada yangu nilimuuguza Kahama hivi hivi mpaka nikamzika. Nilinyamaza kwa sababu mume wangu hakutaka lisemwe, na yeye ndiye mwenye ugonjwa wake. Sasa hawezi kusema. Nasema mimi."

Kisha akakaa, akamshika mumewe mguu. Masunga alifumba macho, na machozi yakateremka kuelekea masikioni, kama yanavyofanya kwa mtu aliyelala chali. Kidole chake kilikuwa kinapapasa shuka. Kabula alikiona, akampa mkono.

Maduhu alitoka nje. Nilimfuata hadi kwenye uzio wa minyaa. Alikuwa amenipa mgongo.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Pale kijitoni ulijua?"

"Nilijua, Maduhu."

"Mimi nakueleza habari za miti, na wewe unaniuliza ni minene kiasi gani."

Mkiniuliza leo kama nilifanya vizuri, nitawaambia nilifanya nilichoweza huku nikiogopa, na kwamba kama Kabula asingekuwapo, kijana yule angeweza kufa kwa heshima yangu ya siri. Fikirini wenyewe.

Masunga alikufa asubuhi iliyofuata, jua limeshatoka, mke upande mmoja na mdogo wake upande wa pili. Baada ya kumwosha, Sista Imelda aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa kazini. "Wiki tatu," alisema, "mimi na wewe tunagombana juu ya mama huyu. Na yeye yuko hatua mbili kutoka tulipo. Hakuna aliyemuuliza." Tangu siku ile, mgonjwa akiletwa, jambo la kwanza tulilofanya ni kukaa chini na yule aliyekuja naye na kumsikiliza, kabla hata ya kufungua karatasi za hospitali. Hilo ndilo ninalowaachia kama kuna la kuachiwa.

Nilikwenda msibani Kabungu. Wazee walipofika kwenye suala la mjane, Maduhu alisimama akasema yeye hatarithi. Walimuuliza sababu. Akasema hana sababu. Mzee mmoja alimwita mwoga. Mwingine alisema amechagua ng'ombe wa marehemu akamkataa mke wa marehemu. Kijana alisimama tu, akavumilia yote, bila kumtaja Kabula hata kwa jicho. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wageni, nikibana mikono kati ya magoti, nikiogopa kwamba atachoka na kusema. Hakuchoka. Na ile miti aliyokuwa amekata, baadaye nilisikia amemjengea nayo nyumba, ya shemeji, karibu na ya mama.

Ilipita miaka mitano. Kila nilipokwenda Kabungu kusalisha nilimwona Kabula shambani, na kila mara nilimkagua mashavu, kama yamepungua, nikijifanya nauliza habari za mahindi. Naye aliona ninavyofanya, akacheka, akasema, "Bado, Padre." Kisha mwaka mmoja, wakati wa kuvuna, nikatokea zahanati na kumwona Maduhu anasukuma baiskeli kuelekea mlangoni petu, taratibu, akikwepa kila jiwe. Kabula alikuwa ameketi nyuma, amefungwa kwa khanga kiunoni asianguke.

Tulimpa kitanda cha dirishani. Maduhu hakurudi Kabungu. Siku ya pili nilimkuta bombani, amechuchumaa, suruali imekunjwa hadi magotini, anafua khanga na shuka za mgonjwa. Wanawake waliokuja kuteka maji walikuwa wanamcheka waziwazi. Mwanaume, tena Msukuma, anafua nguo za shemeji yake.

Nikamwambia, "Maduhu, acha. Tuna mama wa kufua hapa."

Hakuinua kichwa. "Padre, mimi nina watoto watatu," alisema. "Wote wamezaliwa baada ya siku ile shemeji alipokataa kurithiwa. Wazima, na mama yao mzima."

Akakamua khanga, akaitundika kwenye kamba, akachukua nyingine.